Testi za brekipointi: kwenye Intel zinapita, kwenye ARM zinagoma

SWALI: Mkuu habari za kazi. Nimeandika kadibaga kadogo ka Linux (programu ya kusimamisha na kuchunguza programu nyingine) kanakotumia ptrace, mwito wa Linux wa kazi hiyo, na testi zake. Kwenye laptopu ya Intel zote zinapita, nimehamia kwenye Raspberry Pi ya 64-bit yenye prosesa ya ARM nusu zinafeli. 0xCC, baiti ya brekipointi (alama ya kusimamisha programu) ya Intel, nimeshaitoa nikaweka brk ya ARM, programu inasimama vizuri tu, ila anwani naipata pungufu kwa moja na nikiiachia iendelee inakufa. Nimejaza #ifdef (masharti ya kutenganisha kodi ya kila prosesa) kila testi mpaka faili halisomeki. Nifanyeje? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Salama kabisa. Tuanze na hiyo moja inayopungua, maana ndo inayoua programu yako. Kwenye Intel na AMD brekipointi ni int3, baiti moja tu, na prosesa inaripoti ikiwa imeshaitekeleza, kwa hiyo PC (rejista inayoshika anwani ya amri ya kutekelezwa) inakuwa imevuka baiti moja mbele na dibaga lazima iirudishe. ARM ya 64-bit haiko hivyo, brk ina baiti 4 na PC inabaki palepale ilipo brk, sasa wewe ukipunguza moja unaipeleka katikati ya amri, na ARM haikubali PC isiyogawanyika kwa 4, hapo Linux inakupiga SIGBUS, ishara ya kosa la anwani, na habari inaishia hapo.

Wenye GDB, dibaga inayojulikana sana, hii wameiwekea thamani yake, inaitwa decr_pc_after_break: x86 (Intel na AMD) ni 1, s390 (mashine kubwa za IBM) ni 2, ARM64 ni sifuri. Nawe fanya hivyohivyo, tengeneza kajedwali kamoja, kila prosesa na baiti zake za brekipointi, urefu wake, na PC irudi kiasi gani, halafu #ifdef zote zihamie humo, kwenye testi isibaki hata moja. Ukija kugusa RISC-V, aina nyingine ya prosesa, angalia urefu wa brekipointi: kuna ebreak ya baiti 4 na c.ebreak ya baiti 2, ukiweka ndefu juu ya amri fupi unakanyaga na amri inayofuata.

Ila jedwali peke yake halitoshi, kwa sababu naamini ugonjwa mkubwa uko kwenye kile testi inachouliza. Testi inayoandika `assert(pc == anwani + 1)` inapima tabia ya Intel, haipimi dibaga yako! Uliza kile mtumiaji anachokiona: imesimama? anwani iliyoripotiwa ndo ile niliyoweka? nikiifuta zile baiti za mwanzo zimerudi zote? ikiendelea inamaliza na jibu lilelile kama vile haikuguswa? Hayo maswali manne hayabadiliki popote utakapoenda.

Kuna mitego mingine miwili. __builtin_trap (agizo kwa kompaila la kuiangusha programu makusudi) ndani ya programu ya majaribio, kwenye x86 inatoa ud2 na unapata SIGILL, ishara ya amri haramu, kwenye ARM64 inatoa brk unapata SIGTRAP, ishara ya brekipointi, kwa hiyo usiitegemee, ukiwa na kompaila ya Clang tumia __builtin_debugtrap. Halafu ile testi ya kutoka kwenye fankisheni na kurudi kwa aliyeiita: prosesa moja inabaki kwenye mstari uleule kwa sababu bado kuna amri za kumalizia, nyingine inakuwa imeshafika mstari unaofuata, na zote ziko sahihi, basi testi ikubali zote mbili.

Kama huna mashine ya kila aina QEMU, programu ya kuiga prosesa nyingine, inasaidia sana, ila washa mashine nzima na kerneli yake. Ile namna ya kuendesha programu moja moja ptrace haifanyi kazi humo, utahangaika bure.

SWALI: Na wachipointi je, zile zinazovizia kigezo kikibadilika? Nazo nataka ziwe na testi moja kwa prosesa zote. (Huyohuyo)

JIBU: Hapo usilazimishe sana. x86 ina nafasi 4, rejista DR0 mpaka DR3, na inakusimamisha thamani ikiwa imeshaandikwa. ARM64 inaweza kuwa na 2 mpaka 16 kutegemea na chipu, na inasimama kabla ya kuandika, kwa hiyo ukisoma kigezo muda huohuo unakuta thamani ya zamani, inabidi dibaga isogee amri moja ndo isome, na hiyo kazi iwe ya dibaga, testi isijue. Idadi ya nafasi usiibuni, iulize kerneli kwa PTRACE_GETREGSET na NT_ARM_HW_WATCH, baiti ya chini ya dbg_info ndo jibu. Hata kerneli ya Linux kwenye testi zake za breakpoints ina faili la x86 na la ARM64 mbalimbali, kwa hiyo usione aibu kutenganisha pale vifaa vinapotofautiana kweli. Na nafasi zikikosekana testi iseme imerukwa, isiseme imepita, maana ukisoma imepita utaamini kitu ambacho hakijapimwa kabisa.