Muulize Fundi: Kikofia cha habu kimegoma kutoka

SWALI
Fundi asalaam aleikum. Mimi niko Kisauni, hapa Mombasa. Ami yangu aliniachia Datsun 240Z ya mwaka 1972, ilikaa chini ya mkwaju miaka kama sita hivi bila kuguswa, sa nimeanza kuifufua kidogokidogo. Gurudumu la mbele kushoto nikiliinua kwa jeki nikalishika juu na chini lacheza, na likizunguka latoa sauti kama kinu cha kusagia. Nataka nifungue niangalie beringi, vile vyuma vya ndani vinavyolifanya gurudumu lizunguke laini, nitie grisi mpya lakini kile kikofia cha bati cha katikati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, kimekataa katakata. Nimekitia mafuta ya kutu siku tatu, nimekipiga bisbisi mpaka ukingo umepinda, jirani aniambia nikitwange nyundo kitaruka chenyewe, mwengine ashakuja na grainda mkononi. Nisaidie kabla sijaharibu mali ya watu.

JIBU
Wa aleikum salaam mwanangu. Huyo wa grainda mpe chai umrudishe kwao. Gari hiyo wazee wa hapa wakiisikia ikinguruma hukumbuka mashindano ya magari ya Safari Rally, manake 240Z ndo ilompa ushindi dereva Edgar Herrmann mwaka 1971, kisha 1973 ikampa Shekhar Mehta ushindi wake wa kwanza kati ya mitano. Na gari la umri huo huliingizi tena bandarini hivihivi kwa sababu ya ile sheria ya Kenya inayokataza kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hivo kila kipande ulicho nacho kihesabu kuwa ndicho hichohicho.

Kabla hata hujakigusa hicho kikofia, hakikisha shida ni beringi kweli. Gari ikiwa kwenye jeki mwambie mtu akae ndani akanyage breki, wewe shika gurudumu juu na chini tena ulitikise. Ukiona halichezi tena breki ikiwa imekanyagwa, basi ni beringi, endelea. Likiendelea kucheza vilevile, shida iko kwa boljointi, kile kiungo chenye kichwa cha mviringo kinacholishika gurudumu kwa chini, au sehemu nyengine ya huko na utakuwa umeteseka na kikofia bure. Wengi huruka hatua hii, mimi mwenyewe nshairuka, nkatoa kikofia na nati na kila kitu nkakuta beringi zang'aa kama sahani za harusi.

Sa tuje kwa kikofia. Kwanza ujue hakina nyuzi, kwa hivo kukizungusha na spana ni kujichosha. Ni bati lililokandwa, upana wake umezidi tundu la habu kwa unywele tu, likagongwa ndani likakaa kwa kubanwa. Basi. Hakuna kinachokishika zaidi ya hapo, lakini sisi wa pwani twaongezewa chumvi ya bahari, na kutu ikishaingia huwa yachukua nafasi kubwa kuliko kile chuma ilichokula, kwa hivo ule upenyo mdogo wajaa na kikofia chabanwa mara mbili. Na hayo mafuta yako ya siku tatu nadhani hayakufika popote, kwa sababu pale kikofia kinapokutana na habu pana rangi ya zamani na grisi iliyokauka ikawa kama lami, ukipulizia mafuta juu yake ni sawa na kumwaga chai juu ya kifuniko cha birika ukingoje ijae ndani.

Kitu cha pili ndicho kikubwa zaidi. Wewe umekipiga bisbisi upande mmoja tu, ama si hivo? Ushawahi kuvuta mtoto wa meza kwa pembe moja? Huingia mshazari akajifunga, na kadiri unavovuta ndivo anavozidi kukwama. Kikofia ni hivohivo. Kiliingia sawa pande zote na kitatoka sawa pande zote, milimita moja hapa milimita moja kule, hakuna njia ya mkato.

Fanya hivi. Toa gurudumu kabisa, usifanye kazi kupitia tundu la rimu. Gari iweke kwenye stendi, na kwa huko kwenu kwenye mchanga weka ubao mpana chini ya jeki na chini ya stendi pia, nyuma tia mawe au magogo kwenye matairi. Diski na pedi zifunike kwa nailoni usije ukazipaka mafuta ukaja kunilaumu breki hazishiki. Alafu chukua brashi ya waya na ncha ya kisu kizee, usugue ule mstari wa kukutana mpaka uuone mzima kama mstari wa nywele, kote kote. Hapo ndo utie mafuta ya kutu, kidogo tu, kisha gonga ubavu wa kikofia kwa kipande cha mbao na nyundo ndogo ukizunguka, usipige kwa hasira, wataka mtikisiko uvunje kutu na mafuta yapate pa kupita. Acha mpaka kesho. Asubuhi rudia.

Kisha tafuta skrepa nyembamba ya puti, ile ya watu wa kupiga rangi za gari. Hii yapita bisbisi mara mia kwa sababu ni nyembamba na pana, haiumi mahali pamoja. Weka makali yake kwenye mstari, igonge taratibu saa kumi na mbili kama uso wa saa, toa, igonge saa sita, yaani juu na chini, kisha tatu na tisa, halafu zile za katikati. Ule ukingo wako uliopinda uuache uwe wa mwisho. Mzunguko wa kwanza hutaona kitu na utataka kunitukana. Mzunguko wa tatu au wa nne utaona mwanga mwembamba umeingia. Hapo sasa ndo bisbisi pana itafaa, lakini usiitumie kama mtarimbo, iingize kwenye mwanya kisha izungushe kama unavozungusha ufunguo kwenye kufuli, yajifungua kwa upana wake, kisha hama upande wa pili. Ukiiegemeza kwenye habu ukainua utachimba habu, na habu ikishachimbwa kikofia chochote utakachotia hakitaziba vizuri tena, maji yataingia. Kikofia ni bati tu, habu ndo mali.

Hili nalijua kwa uchungu. Nilipokuwa naanza kazi, gereji moja ya Magongo, nilipewa gari ya mteja nkaona mwenzangu aenda chai mimi nimalize nionekane fundi, nkachukua tindo nkalipiga upande mmoja kwa nguvu zangu zote. Tindo likateleza likala habu kama meno ya papa. Bosi hakusema kitu, alinipa tupa na msasa nkakaa jua lote la mchana nasawazisha, na mpaka leo nikiona kikofia mkono hupunguza nguvu wenyewe.

Ikiwa kimetoka kidogo lakini chakataa kumaliza, kishike kwa koleo kubwa la kujifunga, kipande cha mpira wa tyubu ukiweke katikati lisikikwaruze, kisha kitikise kushoto kulia huku ukivuta, usikizungushe tu. Ikiwa hata mwanya haujafunguka, chemsha maji birika zima, zungushia kitambaa kwenye habu, ile habu yenyewe si kikofia, uyamwage pole pole. Kikofia kiko ndani ya habu, kwa hivo wataka habu itanuke kikofia kikiwa bado baridi. Tochi ya gesi usiilete, huko ndani kuna grisi, na moto na grisi na kitambaa chenye mafuta ya kutu hiyo si gereji tena ni jiko.

La mwisho kabisa, ikiwa ukingo umekatika wote hakuna pa kushika, basi kubali kikofia kimekufa na ukitoe maiti. Paka grisi ncha ya drili ili vumbi la chuma ling'ang'anie hapo, toboa kitundu kidogo, pembeni kidogo ya katikati na usizamishe drili kwa sababu ncha ya ekseli iko hapohapo nyuma, tia skrubu ya kujikata nyuzi, uivute kwa koleo huku wa pili agonga ubavu kwa mbao. Beringi utakuwa waitoa na kuiosha kwa vyovyote kwa hivo vumbi litakaloanguka litaondoka, ila uioshe kwa mafuta ya taa, petroli iache ndani ya tangi. Na huyo jirani wa nyundo mwambie hivi, ukikitwanga kichwani chabonyea ndani, kikabonyea chaenda kugusa nati na pini, halafu chajishika huko sasa.

Ukishafungua utaona pini ya kupasua, ile inayozuia nati isilegee, itoe uitupe, wakati wa kufunga weka mpya, ni shilingi chache. Grisi ni ya beringi za magurudumu, namba 2, na usichanganye na ile ya zamani, osha yote itoke. Ijaze beringi kwa kiganja mpaka itokee upande wa pili. Kukaza nati, kaza huku wazungusha habu ili beringi zikae, legeza, kisha rudisha kwa vidole tu, na tundu la pini lisipolingana rudi nyuma kidogo usiende mbele. Beringi hizi za koni zikibanwa huchemka na kufa kabla hujafika Mtwapa. Kikofia usikijaze grisi, kipake safu nyembamba ndani tu cha kuzuia kutu, kisha kirudishe kwa kipande cha bomba kinacholingana na ukingo wake, ugonge hilo bomba, kile kichwa kiache.

SWALI
Nina Mazda MX-5 ya kwanza ile ya taa za kuinuka, nasoma watu watoa kofia za habu watie grisi kila mwaka, na mimi nifanye? Niko Nyali.

JIBU
Hapana mama, usijisumbue. MX-5 za mwanzo, za 1989 mpaka 1997, beringi za mbele zimefungwa pamoja na habu yake, hakuna pa kutia grisi. Ikianza kulia wabadilisha kitu kizima. Kikofia wakitoa ukitaka kuifikia ile nati kubwa tu, ni ya spana 29.

SWALI
Fundi kofia yangu ilipotea njiani, rafiki kanifungia kopo la maziwa na silikoni, yafaa?

JIBU
Nimecheka peke yangu kama mwehu. Kwa kufika nyumbani yafaa, kwa wiki mbili za mvua haifai, silikoni haishiki kwenye grisi na mchanga ukishaonja beringi hauachi. Pima upana wa tundu la habu la upande huo ulio wazi kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia milimita, nenda nacho hicho kipimo kwa maduka ya spea, usitaje jina la gari kwanza manake watakwambia hakuna, wewe taja milimita. Jaribu na vikofia vya pikapu, huenda ukapata kinachobana.