Shangazi, mume wangu anamwonea aibu mtoto wetu

*Shangazi, mwanangu ana miaka 9. Ana mtindio wa ubongo na kifafa, haongei, na analishwa kwa mrija wa tumboni. Narusha video zake mtandaoni ili watoto kama yeye watambuliwe. Ya kwanza nilisimama na kiti chake kitupu kwenye ngazi za shule. Wakajenga njia ya magurudumu waliyonizungusha nayo miezi. Sasa nina wafuasi 40,000. Siku hizi nikiinua simu mtoto anageukia ukutani, lakini watu wanampenda mno. Juzi nilirusha ya kifafa cha usiku, niliyoirekodi baba yake alipoamka saa nane kumgeuza kama kawaida yake. Akaifuta. Nikasema mtandaoni kuwa kuna wanaume wanaokimbia mitihani, wengi wakaniunga mkono. Wiki ya pili sasa hatuongei. Mficha maradhi kifo humuumbua, au sivyo? Mama Mpambanaji*

Pole, mwanangu. Anayedhani kazi yako ni nyepesi hajawahi kusafisha mrija ule huku mtoto akilia. Pole yangu imeishia hapo.

Unasema mumeo anamwonea aibu mwanawe. Kisha, kama mtu anayepita njia, unataja kwamba ndiye anayeamka saa nane usiku kumgeuza asipate vidonda vya kulala. "Kama kawaida yake," umeandika kwa mkono wako. Mwenye aibu angejifunika shuka. Huyo unayemwita mkimbiaji yuko chumbani na mtoto, na wewe uko na watu 40,000. Unachokiita aibu, mwenzio anakiita stara, nami niko upande wake.

Mtoto naye umemsikia ukajifanya hukusikia. Unajua kuliko mimi jinsi shingo yake ilivyo nzito, jinsi mwili unavyokakamaa kabla haujatii. Amejikongoja mpaka uso ukafika ukutani. Ulitaka akuambie hapana kwa lugha gani? Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, wa 1989, una kifungu cha 12 cha mtoto kusikilizwa na cha 16 cha faragha yake. Sijaona palipoandikwa "isipokuwa asiyeongea."

Video ya kwanza, heko! Ngazi, kiti kitupu na mdomo wako, basi. Aliyeaibika pale ni shule. Ya juzi aliyevuliwa nguo ni mwanao.

Na hiyo ya kifafa ina mtu wake, naye ni daktari. Kifafa hakingoji siku ya kliniki, kwa hiyo simu humwonyesha asichokiona: kilianzia upande gani, macho yalielekea wapi, kilidumu dakika ngapi. Washa taa, onyesha mwili mzima, usikate mpaka fahamu zirudi. Mmoja arekodi, mwingine amlaze ubavu. Kikivuka dakika 5, tupa kamera uite msaada; hiyo ni dharura. Methali uliyoniletea ndipo inapofaa. Maradhi hayafichwi tabibu. Aliyekuambia uyapeleke mnadani ni nani?

Ndoa za siku hizi nazo! Zamani mtu akigombana na mumewe alikwenda kwa somo wake, mlango ukafungwa, akasemwa yeye kwanza. Sasa anayashtaki kwa watu wasiomjua hata mshtakiwa, hukumu inatoka kabla chai haijapoa, kisha mshindi analala peke yake upande wa ukutani. Wamekuunga mkono, sawa. Nani kati yao amekuja kushika zamu?

Futa ile ya wanaume. Zilizomwonyesha mtoto akilishwa, akibadilishwa au akianguka, ziondoe zote. Kama kuna jambo la kudai, simama wewe mbele ya kamera, sauti unayo. Kisha leo usiku, saa nane, amka kabla ya baba yake umgeuze mtoto. Simu iache kwenye chaji, sebuleni.