Usimmalizie fundi wa kamera hela yake mpaka mashine ya kurekodi ikuonyeshe picha ya siku 30 nyuma

Mkuu, simamisha hiyo advansi ya fundi. Kama hela haijatoka kwenye simu ya mhazina wenu, leo isitoke.

Uzi wako nimeusoma mara mbili. Kamati ya ulinzi ya mtaa wenu hapo Nkuhungu, Dodoma, imechangisha milioni tatu, fundi kawapangia kamera 8 za megapikseli 8 na diski ya tera 1 (gigabaiti 1,000), nawe unauliza zifungwe za rangi usiku au za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho), nguzo ziwe na urefu gani, na kama mnapaswa kutundika kibao cha tahadhari. Kilichotuumiza sisi hujakiuliza kabisa: picha zinakaa siku ngapi kabla hazijafutika?

Sisi tuko Kizota. Tulifunga kamera 6 kwenye njia panda, tera 1, na fundi akatuambia kwa mdomo mpana, "Mzee, hii inatunza mwezi mzima." Tulimpigia makofi. Hakuna aliyemuuliza huo mwezi kaupata wapi.

Jumatatu moja, saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, binti wa jirani yangu, darasa la tano, alikuwa anavuka barabara na dumu la maji. Gari likamgonga, dereva akakimbia. Kamera namba 3 inatazama palepale. Baada ya kumpakia mtoto kwenye bajaji kwenda hospitali, mimi na mwenyekiti tulifungua kabati la mashine inayorekodi tukaangalia. Tuliliona, mkuu. Noah nyeupe, taa ya nyuma kushoto imepasuka, dumu la njano linabingirika mpaka kwenye mtaro. Namba ilisomeka nusu. Tukaambizana wataalamu wa polisi wataikuza. Nikafunga kabati, nikamwambia baba yake kwa simu, "Usihangaike, ushahidi upo, hauendi popote."

Sikunakili kwenye flashi. Hata kuipiga picha ile skrini kwa simu yangu sikufanya.

Baba wa binti alikuwa wodini siku zote hizo. Mpelelezi alifika mtaani Jumamosi saa nne asubuhi, na kompyuta yake mkononi. Nikafungua kalenda ya mashine. Zile tarehe zenye picha huwa zinawekewa alama. Ijumaa ina alama, Alhamisi ina alama, Jumatano, Jumanne. Jumatatu tupu. Nikabonyeza Jumanne: picha ya kwanza kabisa iliyobaki ilikuwa ya saa saba na dakika ishirini na mbili mchana, mbuzi watatu wanakatiza barabara mahali palepale alipoangukia mtoto. Baba yake alikuwa kasimama nyuma yangu. Akauliza taratibu, "Si ulisema upo?"

Diski ikijaa, mashine haisimami wala haikuulizi. Inaandika picha mpya juu ya zile kongwe. Nyingi huja zimepangwa hivyo, na fundi wetu alilijua hilo.

Hesabu aliyotuficha ni hii. Kamera ikirekodi muda wote kwa megabiti 4 kwa sekunde (ndicho kipimo cha ukubwa wa video inayoandikwa), inakula karibu gigabaiti 43 kwa siku. Kamera 6 ni gigabaiti 259. Tera 1 haifikishi siku nne. Hesabu ambayo mtoto wa sekondari anaifanya, lakini mtu aliyelipwa kwa michango ya wajane na mama ntilie hakuifanya. Nilipombana, akasema alipiga hesabu ya mashine kurekodi pale tu kitu kinapocheza. Kwa Dodoma hii? Upepo wetu unavyotikisa miarobaini kutwa, na vumbi likipita mbele ya lenzi, kila kitu kinacheza. Na bado hakuiweka hivyo, aliiacha irekodi saa 24. Mpaka leo nikipita mbele ya duka lake damu inanichemka.

Sasa wewe. Kamera 8 za megapikseli 8, akiziacha megabiti 8 kila moja, ni karibu gigabaiti 691 kwa siku. Tera 1 hiyo ni siku moja na nusu, basi. Mtu akivunjiwa Ijumaa usiku akagundua Jumatatu, mna nini cha kumpa mpelelezi?

Mwambie fundi ashushe ubora mpaka megabiti 2 kwa H.265 (njia ya kubana video ichukue nafasi ndogo), kisha anunue tera 6 zilizotengenezwa kwa ajili ya kamera, siyo diski iliyochomolewa kwenye kompyuta ya zamani. Hapo kamera 8 zinakaa siku 30 na zaidi kidogo. Pesa haitoshi? Punguza kamera ziwe 5. Idadi ya siku usiiguse. Na mkataba uandikwe hivi: sehemu ya mwisho ya malipo inatolewa siku ambayo mashine, mbele ya kamati, inacheza picha ya siku 30 nyuma, kila kamera. Isipocheza, halipwi. Fundi mwaminifu atakubali, na akinuna umeshamjua.

Tukio likitokea, nakilini siku hiyohiyo, flashi mbili, kipande kizima kutoka kwenye mashine bila kukatakata, moja ikabidhiwe kituoni kwa maandishi. Msitegemee ya WhatsApp, inabana video na ubora unapotea. Andikeni nani kanakili, saa ngapi, na saa ya mashine inapishana kiasi gani na saa halisi. Yetu ilikuwa imeachwa kwenye majira ya China, saa tano mbele, mpaka tulipoirekebisha wenyewe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inaifanya mahakama iangalie kumbukumbu ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na kama haikuchezewa. Wakili wa upande wa pili ataanzia hapohapo.

Binti anatembea sasa, mguu wa kulia una chuma. Ile Noah haijapatikana. Sisi tuliongeza diski ikawa tera 4 na kushusha kamera zote 6 kuwa megabiti 2, na ufunguo wa kabati anao baba yake. Kila Jumapili jioni anafungua kalenda na kurudi nyuma mpaka tarehe ya mwisho, anahesabu kwa kidole kwenye skrini.

Mpigie fundi wako sasa hivi, mkuu, akuandikie idadi ya siku kwa mkono wake na asaini. Akikujibu, urudi hapa utuambie kaandika ngapi.