Kipande cha kuka, na swali nililouliza vibaya laibreri

Kwa miaka mingi laibreri hapa Kisumu kwangu ilikuwa mahali pa kukalia tu. Nilisomea CPA, ile mitihani ya uhasibu, pale, naingia na vitabu vyangu na chupa ya maji, natafuta kiti karibu na dirisha, jioni naenda zangu. Wale watu wa kaunta nilidhani kazi yao ni kugonga stempu na kutuambia tunyamaze. Mpaka ile siku senge yangu (shangazi) aliposafisha sanduku la marehemu kukhu (bibi) huko Bungoma akapata kipande cha kuka, yaani babu.

Kama hujawahi kuona kipande, ni ile karatasi ambayo serikali ya mkoloni ililazimisha kila mwanaume Mwafrika kubeba, ilianza kutumika karibu 1920, watu walikuwa wanaivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Iko na jina, alama za vidole, wilaya, kabila, mwajiri, siku ulianza kazi na siku uliacha. Ya kuka imefifia, lakini kwenye kabila unasoma vizuri kabisa: Kitosh. Sisi ni Wabukusu, Waluhya wa Bungoma. Watsap ya familia iliwaka moto. Binamu mmoja akasema Kitosh ni mzungu aliyemwajiri kuka, mwingine akasema basi kuka alikuwa mtu wa kuja na tumedanganywa miaka yote hii, na mambo ya shamba yakaanza kutajwa hapo hapo. Mimi nikasema ngojeni, nitaenda laibreri.

Sasa hapa ndio nilikosea, na ndio sababu naandika. Nilifika kaunta nikauliza, "Mko na vitabu vya historia ya Kakamega?" maana kwa kipande kulikuwa na Kakamega na mwaka 1933. Mama wa kaunta akanielekeza kwa rafu, 967.62, hiyo ndio namba ya historia ya Kenya kwa ule mpangilio wa Dewey, na ukiijua hiyo namba hautapotea kwa laibreri yoyote inayotumia mpangilio huo. Nikapekua masaa mawili. Vitabu vya shule, wanasiasa, Mau Mau. Kitosh hakuna. Nikarudi nyumbani nimekasirika nikisema laibreri zetu hazina kitu.

Lakini hebu fikiria, nilikuwa nimemwambia nini yule mama? Nilikuwa na swali moja kichwani (kwa nini kuka ameandikwa kabila ambalo si lake) nikaenda kuuliza lingine kabisa, ati nione kama nimesoma. Watu wengi tunafanya hivyo. Unaona haya kusema shida yako yote mbele ya kaunta, unaichonga inakuwa ka-swali kadogo kenye heshima, halafu unajibiwa hako kadogo.

Wiki iliyofuata nikarudi kusoma mambo yangu, nikampata mkutubi mwingine, mzee kidogo, akaniuliza natafuta nini maana aliniona siku ile nikizunguka ile rafu. Nikamtolea simu nikamwonyesha picha ya kipande. Alicheka. Akasema, "Kitosh ni nyinyi." Ni jina ambalo Wabukusu waliitwa na majirani, wazungu wakalichukua wakaliandika kwa vitabu vyao, na wenyewe hawakulipenda, ndio maana kizazi chetu hakilijui. Dakika mbili! Masaa mawili ya rafu na fujo yote ya watsap, dakika mbili.

Halafu akachukua karatasi akaniandikia majina, na hiyo karatasi ndio kitu cha maana zaidi nimewahi kutoka nacho laibreri. Wilaya ya kwetu wakati wa kuka haikuitwa Bungoma wala Kakamega, iliitwa North Kavirondo, baadaye North Nyanza, kisha upande wetu ukakatwa ukawa Elgon Nyanza, ndio ikaja Bungoma. Jina Luhya lenyewe lilianza kushika miaka ya 30 na 40, kabla ya hapo utakuta "Bantu Kavirondo", na Wajaluo ni "Nilotic Kavirondo". Kisumu yenyewe reli ilipofika 1901 iliitwa Port Florence. Na kabla ya 1902 huku kwetu kote kulikuwa Uganda, kwa hivyo ukitafuta karatasi za kabla ya hapo kwa mafaili ya Kenya utatafuta mpaka uzeeke. Ukiandika "historia ya Wabukusu" kwa Gugo unapata vitu vya juzi. Ukiandika lile jina la zamani ndio mlango unafunguka, hata kama jina lenyewe linakukera.

Akaniuliza pia kama kuka alichimba dhahabu. Mimi sikuwa najua hata kulikuwa na dhahabu. Kumbe 1931 ilipatikana karibu na Kakamega, wazungu wakamiminika. Sasa serikali ilikuwa imetunga sheria 1930 kuahidi kwamba ardhi ya rizavu, ile iliyotengewa Waafrika, ni ya wenyeji milele, na ukitwaa kipande lazima uwape ardhi nyingine. Desemba 1932 wakaibadilisha, ikawa wenyeji wanaweza kulipwa pesa tu bila kupewa ardhi. Milele ilidumu miaka miwili. Mpaka bunge la Uingereza likajadili hiyo maneno 1933, na hizo hansadi zao ziko kwa intaneti bure, nimezisoma usiku kwa simu.

Vitabu vyenyewe vya wakati huo hakuwa navyo, na akaniambia wazi. Alichofanya ni kuniambia viko wapi. Tume ya ardhi, ile ya Carter, ilichukua ushahidi wa wenyeji hadi huku kwetu, ikachapishwa juzuu tatu, tafuta akaivu ya taifa pale Moi Avenue Nairobi. Nilipanda basi. Beba kitambulisho na penseli, na uende na majina yako ya zamani yameandikwa tayari, la sivyo utapoteza siku nzima kwa katalogi. Ripoti za kila mwaka za madisii, wale wakuu wa wilaya wa mkoloni, pia ziko huko. Na Gazeti Rasmi la Serikali, linatoka tangu 1899, matoleo mengi ya zamani yameskaniwa, kuna matangazo ya urithi, hatimiliki zilizopotea, nani amefanywa nani. Kabla ya hapo kuna ofisi moja nilikuwa nimezungushwa mara tatu, njoo kesho, njoo na barua, barua ya nani hawasemi. Mkutubi hakuitisha barua.

Niseme tu kuka sijampata. Kibarua wa kawaida haandikwi na disii, anahesabiwa tu pamoja na wengine mia. Nimepata bei ya jasho la watu kama yeye, nimepata wazee wakilalamika juu ya ardhi, jina lake hapana. Na ile stempu ya mwajiri kwenye kipande bado haisomeki. Usiende ukidhani utatoka na picha ya babu yako.

Mzee naye aliniomba kitu. Akasema laibreri inapata vitabu kutoka Nairobi na ng'ambo, lakini mambo ya hapa hapa hayaletwi na mtu. Nikampelekea nakala ya kipande, halafu akasema hata eulojia. Nikafikiri anatania. Lakini angalia vile vijitabu vya matanga tunachapisha huku magharibi: alizaliwa wapi, ukoo gani, alisoma wapi, alitahiriwa na rika gani, alifanya kazi reli au kiwanda cha sukari Mumias, watoto wote kwa majina. Kisha tunafungia mandazi. Kwa Mbukusu hiyo rika peke yake ni kalenda, tohara ni mwaka wa shufwa, ukijua jina la rika unajua mzee alikuwa kijana lini hata kama hajui mwaka aliozaliwa. Ukipeleka, uliza familia kwanza, andika tarehe na kijiji, na picha ziandike nyuma kwa penseli laini, wino unapenya hadi kwa sura za watu.

Nilitangaza kwa watsap ya familia. Binamu bado anasema Kitosh alikuwa mzungu. Senge ameanza kukusanya eulojia, hata za majirani, zimefika kumi na saba, mbili hazina tarehe na moja imekatwa ukurasa wa wake.