Maswali na Majibu: Nimekwama kwenye maneno 8 kwa dakika

SWALI: Nilikariri alama zote za Morse kwenye chati niliyobandika ukutani, na kila siku nafanya mazoezi LCWO.net, tovuti ya kujifunzia Morse, kwa kasi ya maneno 8 kwa dakika. Nikipandisha hadi 10 tu, sishiki kitu. Huu mwezi wa tatu. Nifanyeje? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, kinachokukwamisha ni hiyo chati. Kwa maneno 8, nukta moja (mlio mfupi) hudumu milisekunde 150, kwa hiyo H yenye nukta 4 inapita kwa sekunde moja na ushee. Hapo unapata nafasi ya kuhesabu nukta, kuitafuta chati kichwani na kurudi na herufi. Ukipandisha kasi kidogo, nafasi hiyo inakwisha. Kwa maneno 20, H nzima ni milisekunde 420: hakuna anayewahi kuhesabu, inabidi sikio liitambue kama mlio mmoja, vile unavyoitambua hodi ya mtu wa nyumbani.

Bandua chati leo. Kwenye mipangilio ya LCWO, kasi ya herufi iwe 20 na kasi ya jumla iwe 8 au 10. Herufi zitalia haraka, ila nafasi kati yake zitarefuka. Ukizidiwa, ongeza nafasi; kasi ya herufi usiiguse. Halafu rudi somo la 1, K na M peke yake. Inauma baada ya miezi 3, tunajua, lakini huko mbele hakuna njia ya mkato. Utaratibu huu ulitokana na Mjerumani Ludwig Koch, miaka ya 1930: unaanza na herufi 2 kwa kasi kamili, ukipata asilimia 90 unaongeza moja. Zoezi la dakika 1 kwa kasi ya jumla ya 10 lina takribani herufi 50, basi makosa yasizidi 5.

Fanya dakika 15 asubuhi na 15 jioni, usiunganishe zote nusu saa. Herufi ikikuponyoka, acha pengo uendelee. Ukiing'ang'ania hiyo moja, zinakupita tatu zinazofuata.

SWALI: H, S na 5 (nukta 4, 3 na 5) zote nazisikia sawa. Ishara za wito (majina ya stesheni za redio) za Tanzania zinaanza na 5H, kwa hiyo siwezi kuzikwepa. – Msomaji, Tanga

JIBU: Kweli umepewa mtihani. Mtu akituma 5H3, unasikia nukta 12 kabla ya kistari (mlio mrefu) cha kwanza! Kwa maneno 20, H na 5 zinapishana milisekunde 120 tu, nawe ukianza kuhesabu umeshachelewa. Tumia zoezi la makundi ya herufi, lile linalokuruhusu kuchagua herufi mwenyewe. Siku mbili weka S na H tu, siku mbili H na 5, kisha zote tatu. Zikikaa sawa, changanya na nyingine, maana zikiwa peke yake sikio linabahatisha.

Baada ya hapo sikiliza stesheni halisi. Hata kama huna redio, ingia kwenye WebSDR (redio inayosikilizwa mtandaoni) ya Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, jioni, uchague CW, yaani Morse, na upekue kati ya 7000 na 7040 kHz. Punguza upana wa kichujio mpaka ibaki stesheni moja. Wanaoita CQ, yaani wanaomwita yeyote anayesikia, hurudia ishara yao mara kadhaa, hivyo uliyoikosa kwanza utaipata kwenye marudio.

SWALI: Nikifanya mazoezi ya kutuma kwa kompyuta, mkono unatangulia na mlio unafuata nyuma, mpaka navuruga vistari. – Msomaji, Kisumu

JIBU: Kagua kwanza kama unatumia hedifoni za Bluetooth. Zinachelewesha sauti, na kwa maneno 20, ambapo nukta ni milisekunde 60, ucheleweshaji huo unaweza kuzidi nukta nzima. Kwa kupokea hazina shida. Kwa kutuma, chomeka za waya.