Shangazi, baba watoto anataka karavani, mimi nataka hema

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu: wa kwanza ana miaka 11, wa kati 7, kitinda mimba 2. Hoteli zimetushinda. Kila tukipiga hesabu ya vyumba viwili na chakula cha watu watano, likizo inaishia sebuleni. Mwaka jana tuliazima hema la watu wanne tukaenda kambini. Siku mbili zilikuwa tamu mno. Usiku wa tatu mvua ikanyesha, saa nane tukaamka godoro la mdogo limelowa chapachapa. Na tulikuwa makini: tulitandika turubai kubwa chini ya hema, tukaliacha litokeze mbele ili watoto wapate pa kuvulia viatu. Baridi ilikuwa kali hadi nikataka kuingiza jiko la mkaa ndani, baba watoto akakataa katakata. Tukamalizia usiku garini.

Tangu hapo hataki kusikia neno hema. Amepata karavani, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, ya miaka 14, mwenyewe anaiuza kwa bei poa, na anataka tutoe karibu akiba yetu yote. Anasema mgongo wake hauwezi tena kulala chini. Gari letu ni dogo, kilo 1,300. Karavani imeandikwa kilo 1,080 ikiwa tupu, na mwisho 1,250 ikiwa na mizigo. Mimi naona tununue hema zuri, fedha nyingine ibaki. Sasa hatuwezi kulizungumza bila kununiana. Nani mwenye haki?

Mama wa Watatu

Marahaba mwanangu.

Kabla ya haki ya mtu yeyote, tumalize habari ya jiko, maana nilipofika hapo niliiweka barua yako chini nikavuta pumzi. Aliyekukatalia amekuokolea watoto. Mkaa ukiwaka mahali palipofungwa unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, isiyowasha macho wala kukoholesha. Aliyelala hashtuki, anazidi kulala. Usidanganyike na mkaa uliofunikwa na majivu ukadhani umekufa, ndani yake bado unatoa sumu kwa saa kadhaa. Kufungua zipu kidogo hakusaidii. Na karavani haina kinga ya pekee: jiko lake la gesi ni la kupikia, si la kuota moto, na yale matundu ya hewa ya sakafuni na ya juu hayazibwi kwa matambara eti upepo unaingia. Mkilala chini ya paa lolote kati ya hayo mawili, wekeni king'ora kinachogundua hewa hiyo. Ni kidogo, kinaenea kiganjani.

Sasa tuje kwenye lile turubai.

Mwanangu, hema halikuvuja. Nimeisoma sentensi yako mara tatu. Turubai lililotokeza nje ya hema ni beseni. Mvua inaangukia ile sehemu ya nje, inakosa pa kwenda, inateleza ndani taratibu kati ya turubai na sakafu ya hema, na hapo mmeilalia. Uzito wa miili yenu unayakamua yale maji yapande juu, na kwa kuwa yanatafuta palipo chini zaidi, yalianzia kwa mdogo. Kitambaa cha juu pengine kilikuwa kikavu kabisa ndani. Turubai la chini linatakiwa liwe dogo kuliko sakafu ya hema, kingo zake ziingie ndani kiasi cha upana wa kiganja, lisionekane hata kidogo ukisimama nje. Kosa hili wanalifanya watu wenye miaka ya kambi, tena wale waangalifu, kwa sababu linafanana na uangalifu.

Kwa hiyo uamuzi wa kutoa akiba umetokana na kesi ambayo mshtakiwa hakuwa na hatia. Hilo halimaanishi karavani ni ujinga. Linamaanisha irudiwe upya, bila hasira ya saa nane za usiku.

Tuanze na gari, maana hapo ndipo ndoto nyingi zinapokwama. Kuna kanuni ambayo vyama vya watu wa karavani humpa mtu anayeanza: uzito wa juu wa karavani, yaani ukiwa na mizigo, usizidi asilimia 85 ya uzito wa gari. Gari lenu la kilo 1,300 linakupa kilo 1,105. Hiyo karavani ni 1,250. Si kwamba haitavutika, injini inaweza kuivuta kwenye tambarare na baba watoto akafurahi. Tabu inakuja kwenye mteremko, upepo wa ubavuni, na lori kubwa linapowapita. Hapo mkia unaanza kumtikisa mbwa, karavani inaliyumbisha gari. Ikianza kuyumba hivyo dawa ni kuondoa mguu kwenye mafuta na kushika usukani ukiwa umenyooka, mwendo ushuke wenyewe. Mwili wako wote utataka kukanyaga breki, nao utakudanganya. Aliyezoea anaweza kulimudu hilo. Baba watoto ndiyo kwanza anaanza, na nyuma yake kuna watoto watatu.

Mbali na kanuni hiyo ya busara, kuna kikomo cha kukokota alichokiandika mtengenezaji wa gari. Hicho si ushauri. Kikipitwa, bima inaweza kukukana siku unayoihitaji. Someni kitabu cha gari leo jioni, na leseni ya baba watoto pia, kwa sababu nchi nyingi zina masharti ya uzito wa trela kwa kila daraja la leseni.

Halafu toa 1,080 kwenye 1,250. Mnabaki na kilo 170. Zinaonekana nyingi mpaka uanze kupakia. Maji lita 40 ni kilo 40. Betri, mtungi wa gesi, hema la ubavuni la kukalia kivulini, viti, meza, vyombo, matandiko ya watu watano, kigari cha mtoto. Utashangaa zilivyokwisha kabla nguo hazijaingia. Na vitu vizito vikae chini, juu ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu, si nyuma kabisa. Ule uzito unaolalia ndoano ya gari nao una kipimo, kwa kawaida asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa karavani. Pungufu ya hapo ndipo kuyumba kunapoanzia.

Kuhusu hiyo ya miaka 14, nina kisa. Mimi na marehemu mume wangu tuliwahi kununua moja, nzuri ya kupiga picha, mapazia ya maua. Miaka minne tulikuwa nayo. Nilikuwa na daftari, kwa hiyo najua: tulilala ndani yake usiku 19. Siku nyingine zote ilisimama nyuma ya nyumba ikila bima na matengenezo, na ikinitazama. Tulipotaka kuiuza akaja mzee mmoja, hakuangalia mapazia wala jiko. Akainua mto wa benchi la kona, akabonyeza ubao chini ya dirisha kwa kidole gumba, na kidole kikazama kama kwenye sabuni iliyolala majini. Hakusema kitu. Akafuta kidole kwenye suruali akaaga. Maji yalikuwa yakiingia kwenye kiungo cha dirisha, pengine tangu kabla hatujainunua, na sisi tulikuwa tukipulizia manukato tukidhani ni harufu ya uzee.

Nendeni mkafanye kama yule mzee. Bonyezeni kila kona, chini ya kila dirisha, ndani ya makabati, sakafu karibu na mlango. Mkanyage sakafu yote muone panapobonyea. Muuzaji akiwa amepulizia harufu nzuri kupita kiasi, ongezeni kubonyeza. Kisha mchuchumae kwenye tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2319 ni tairi la wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za karavani huzeeka zimesimama, meno yake yakiwa kama mapya. Ikifika miaka mitano anza kufikiria kubadilisha, ikifika saba usijadiliane nayo.

Basi hapo utaona nakuunga mkono wewe. Ngoja kwanza.

Mume wako ana hoja ambayo naona umeipita haraka. Mgongo si kisingizio. Mtu mzima anayeamka kutoka chini kwa kushika mguu wa meza, siku nzima inaharibika, na ya wote. Karavani inampa kitanda kwenye usawa wa goti, jiko kwenye usawa wa kiuno, choo hatua tatu kutoka kitandani, na mahali pa kumlaza wa miaka 2 mchana, pana giza na mlango unaofungwa. Mvua ya siku mbili ndani ya karavani ni karata na vicheko. Ndani ya hema na mtoto huyo ni adhabu. Na mkichelewa mkafika usiku, mwenye karavani anafungua mlango, mwenye hema anaanza kutafuta vigingi kwa tochi. Kama mngekuwa mnasafiri kila mwisho wa wiki miezi sita ya mwaka, ningekwambia mbadilishe gari kwanza, kisha mnunue.

Lakini mtalala nje usiku wangapi kwa mwaka? Hilo ndilo swali ambalo hamjaulizana. Lijibuni pamoja, kwa karatasi. Chukueni bei ya karavani, ongezeni bima, tairi, mafuta ya ziada ambayo gari litakunywa, na pa kuiegesha kama hapo kwenu hapatoshi. Gawanyeni kwa usiku wa kweli, sio wa kujitamania. Mkipata usiku 10, huenda kila mmoja ukawa ghali kuliko hoteli mliyoikimbia.

Ugomvi wenu, kwa taarifa yako, ni mkongwe. Mwaka 1885 William Gordon Stables, daktari mstaafu wa jeshi la majini la Uingereza, alijengewa gari la kusafiria kwa starehe akaliita The Wanderer. Lilikuwa na uzito wa karibu tani 2, likivutwa na farasi wawili, na mtumishi akitangulia kwa baiskeli ya magurudumu matatu kuangalia njia. Miaka 16 baadaye, 1901, fundi cherehani Thomas Hiram Holding akaanzisha chama cha wapiga kambi waliokuwa wakibeba hema kwenye baiskeli zao. Sote tunajua nani kati yao alikuwa na gharama ndogo. Nani alilala vizuri zaidi, hilo ni jingine.

Nionavyo, mwaka huu nunueni hema, ila liwe hema kweli. La watu wanne ni watu wanne waliolala bega kwa bega bila begi hata moja. Nyinyi watano tafuteni la watu saba au nane, lenye vyumba viwili na sehemu ya kusimama. Angalia namba ya milimita kwenye lebo, ndiyo urefu wa maji ambao kitambaa kinaweza kuuhimili kabla ya kupenyeza: 1,500 ni ya kuanzia, hema la familia nataka 3,000. Mishono iwe imezibwa kwa utepe, na sakafu iwe imeshonwa pamoja na kuta, ikipanda kidogo kama karai. Lisimamisheni nyumbani kwanza, siku ya jua, mpaka mkubwa wenu ajue kila kamba inakwenda wapi. Kamba zote zifungwe hata kama hakuna upepo. Asubuhi mkikuta matone ndani, mguse kabla ya kulaumu: mara nyingi ni pumzi zenu wenyewe zilizogonga kitambaa baridi, na dawa ni kufungua vidirisha vya hewa, sio kuvifunga. Mkirudi nalo limelowa, lianikeni siku hiyo hiyo. Likikaa kwenye mfuko siku mbili tatu koga linaingia na halitoki.

Na kitu cha kwanza kununua baada ya hema, kabla ya taa na vikorokoro, ni kitanda cha kukunja cha baba watoto, chenye miguu, na godoro nene juu yake. Juu yake na chini pia wekeni blanketi, kwa sababu baridi ya kambini humpata mtu kupitia mgongoni. Hata nyinyi wa magodoro ya upepo tandikeni kitu kizito juu, ile hewa ya ndani haihifadhi joto.

Karavani msiizike. Kodini moja wiki nzima, ya kukuta imeegeshwa kambini, bila kuvuta kitu. Mpike ndani, mlale ndani, mtoto alale mchana, na zamu ya kumwaga choo mpeane. Mkirudi mna usiku saba wa kulinganisha na usiku wa hema, na mgongo wake utakuwa umetoa ushahidi wenyewe.

Lililobaki ni jinsi ya kumwambia. Usimpelekee barua hii kama hukumu. Mwanamume aliyewabeba watoto watatu hadi garini kwenye mvua anatafuta nyumba isiyolowa, hatafuti gari la starehe. Mwanzie hapo, umshukuru kwa lile jiko. Kisha mtandaze turubai uani, mmwage ndoo moja ya maji kwenye ile sehemu iliyotokeza, mtazame yanakokwenda. Alilitandika nani usiku ule, barua yako haikusema, na mimi siulizi.

Shangazi