Msiite guta mama akiwa safarini: niliyoyaona kwenye stoo za watu Kigoma

Mkuu mleta uzi, swali lako nimelisoma mara mbili. Umesema mama yenu anaishi Ujiji, stoo zake mbili zimejaa hadi darini na mlango wa chumba cha wageni haufunguki vizuri kwa sababu ya mizigo. Kila mkimwambia apunguze anawajibu "akiba haiozi". Sasa yuko kwako Dar kwa matibabu ya macho, na wadogo zako waliobaki nyumbani wanataka kuita guta mbili za kubebea mizigo wazoe kila kitu, akirudi akute peupe. Umetaja pia sanduku la bati la bluu lenye kufuli ambalo hakuna anayejua ufunguo uko wapi. Halafu ukauliza kuhusu ofisi yako ya uwakala wa mizigo, makaratasi yamewazidi.

Guta msiite. Nakuomba kabisa.

Hii ndiyo kazi inayoniweka mjini. Tangu 2016 napanga nyumba, maduka na ofisi za watu hapa Kigoma, Mwanga, Gungu, Ujiji, na mara mojamoja Kasulu. Wengi wanadhani ni kazi ya usafi. Usafi ni siku ya mwisho. Siku zote za kabla yake ni kukaa na mwenye nyumba na kumuuliza jambo moja kwa kila kinachotoka: hiki ni cha nani?

Simuulizi kama kinafaa. Ukimuuliza mama yeyote wa huku kama kitu kinafaa, atakwambia kinafaa, na mara nyingi anasema kweli. Ndoo iliyopasuka anapandia mchicha, shuka kuukuu linafunika mahindi. Mtabishana hadi jioni na hakitatoka hata kijiko. Ila ukiuliza ni cha nani, hapo stoo inaanza kuongea.

Kigoma ni mwisho wa reli. Tangu treni ilipofika 1914 watu wanashuka hapa na mizigo yao wakisubiri chombo cha majini, wengine wanakwenda Kalemie, wengine Bujumbura, wengine vijiji vya kusini mwa ziwa. Wanafikia wapi? Kwa ndugu, kwa mtu wa kijiji chao, kwa rafiki wa shemeji. Asubuhi wakiondoka kuna mzigo mmoja unabaki. "Mama, nihifadhie huu, nitaupitia nikirudi." Mmoja anaupitia baada ya wiki, mwingine harudi tena. Mama anaufunika sandarusi, anasogeza ukutani, maisha yanaendelea. Kuna nyumba moja Ujiji tulihesabu pamoja na mwenyewe, na zaidi ya nusu ya vilivyokuwa stoo havikuwa vyake. Madumu ya mawese ya mfanyabiashara fulani, begi la binti aliyewahi kupanga chumba cha uani, cherehani ya wifi, masufuria ya kikundi cha akina mama, matranka ya watoto waliomaliza shule zamani na sasa wana watoto wao. Wewe unaona takataka. Yeye anaona amana, na siku zote anaziona peke yake.

Niliyajua haya kwa uchungu. 2017, Gungu, kijana mmoja aliniita nimsaidie kusafisha stoo ya bibi yake aliyekuwa Kasulu msibani. Hali ileile yako. Kulikuwa na sanduku lililokula kutu, bawaba zimekatika, ndani nyavu zilizooza, karatasi zilizogandamana na koti moja zito la mwanamume. Nilichungulia mara moja tu nikaamua. Nyavu na koti nikachoma, sanduku likaenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Bibi aliporudi alipita sebuleni bila kusema kitu, akaenda moja kwa moja hadi mlango wa stoo, akasimama.

"La mzee wa Kalya liko wapi?"

Mzee huyo alikuwa mvuvi. Alimwachia sanduku siku aliyokwenda hospitali, akafia hukohuko. Bibi alikuwa analitunza miaka tisa akimsubiri mtoto wa mzee huyo. Nilipomweleza hakunifokea. Alisema tu, "Mwanangu, umenifanya mwizi uzeeni." Mtoto alikuja mwaka uliofuata. Hakuulizia nyavu wala sanduku. Aliulizia koti la baba yake.

Tangu siku hiyo sigusi stoo ambayo mwenyewe hayupo, hata nikiongezewa hela.

Mama akirudi mfanye hivi. Tandikeni mkeka uwanjani penye kivuli, yeye akae kwenye kiti chake, nyinyi ndio mbebe. Kitoke kimoja kimoja, aanze na vilivyo karibu na mlango kwa sababu hivyo ni vya juzi na hana uchungu navyo. Kila kilicho cha mtu kibandikwe utepe wa karatasi wenye jina, kisha apige simu mwenyewe, sauti iwe ya wazi wote msikie. Hapa ndipo penye kazi yote. Nimeshuhudia mtu akipigiwa kuhusu begi aliloliacha miaka sita, akanyamaza muda mrefu kisha akasema, "Kumbe bado lipo? Mama, gawa tu." Mama hawezi kujipa ruhusa hiyo yeye mwenyewe, na wewe huwezi kumpa. Ni mwenye mali tu. Akishaipata, utamwona anavyokunjua mgongo.

Wasiopatikana msiwatupie vyao. Nunueni daftari, andikeni kitu, jina, alikileta lini na nani wa ukoo wake anafahamika mtaani. Majirani wazee watawasaidia sana. Na kuanzia siku hiyo mzigo wowote mpya usiingie ndani bila kuandikwa humo pamoja na siku ya kuja kuuchukua. Wageni hawachukii, wanaona wameheshimiwa.

Vyake mwenyewe vitafuata kwa urahisi. Masinia na masufuria makubwa ya shughuli msiyaguse kabisa, hayo yanapikia misiba ya mtaa mzima. Mifuko ya plastiki aliyoilimbikiza tangu kabla ya katazo la Juni 2019, TV ya chogo isiyowaka, vipande vya mabati, hivyo atavitoa mwenyewe.

Kuhusu "akiba haiozi", msibishane naye kwa maneno. Kuna mama mmoja Mwanga alikuwa ameweka vitenge vya harusi ya binti yake ndani ya boksi, boksi liko sakafuni, limeegemea ukuta. Tulipolitoa mkekani kitenge cha juu kilikuwa kizima, rangi inawaka kama kimetoka dukani. Akakiinua akitabasamu. Chini yake hapakuwa na kitenge, palikuwa na udongo mwekundu na njia za mchwa. Alikishika kile kimoja kwa muda, akakikunja, akasema binti ashonewe mwezi huohuo. Hakuna mtu aliyemshauri chochote.

Kwa hiyo kitakachobaki kisikae sakafuni tena. Pangeni matofali, juu yake mbao, na mwache angalau shubiri moja kutoka ukutani ili mchwa waonekane wakianza kupanda na hewa ipite, maana masika unyevu wa hapa hauna huruma. Nyaraka za nyumba, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule, karatasi za mirathi, tieni kwenye bahasha, kisha kwenye ndoo ya rangi ya lita 20 iliyooshwa ikakauka kabisa, yenye mfuniko unaobana. Ni rahisi kuipata, na panya haipati. Fanyeni kazi yote hii kiangazi, kabla mvua za Oktoba na Novemba hazijaanza, kwa sababu mtahitaji uwanja siku tatu nne.

Ofisi yako ni nyepesi zaidi, maana karatasi hazina huzuni nyingi. Swali ni lilelile, za nani? Nyaraka za mteja ambaye mzigo wake umeshavuka, mpigie aje achukue asilia zake na asaini kuzipokea. Kumbukumbu zako za kodi, sheria ya usimamizi wa kodi ya 2015 inakutaka uzitunze miaka mitano, kwa hiyo panga boksi kwa mwaka, uandike mwaka huo ubavuni kwa herufi kubwa. Risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, zitolee kopi mapema, kwani karatasi yake hufutika kwa joto na mwanga, na risiti isiyosomeka haitakusaidia mkaguzi akija. Na kama kuna faili lolote la ofisi ya umma liliwahi kuachwa kwako, lirudishe masjala lilikotoka. Mafaili ya serikali yana sheria yake ya mwaka 2002, hayachomwi kwa sababu tu kabati limejaa.

Kwa sasa wapigie wadogo zako waache kila kitu kama kilivyo. Halafu usiku, mama akishapakwa dawa na ametulia, kaa karibu naye umuulize taratibu lile sanduku la bluu aliachiwa na nani. Kufuli msilivunje. Kama anamkumbuka, andika hapa kwenye uzi mtaa na kijiji chake tu bila jina la mtu, nina wateja hadi mwambao wa kusini, nitauliza.